Ughaibuni: Neno Moja na Ukoo Wake



Wasomaji wetu wapenzi, katika kila nyumba isomwamo hadithi hapakosi neno moja lirukwalo. Msomaji hulifikia, hulitazama, hulikuta geni. Naye kwa kuwa ana haraka ya kujua yaliyompata shujaa wa kisa, hulipita kama msafiri apitaye mlango uliofungwa. Kisa huendelea, kitabu huisha na kurudishwa kabatini, na lile neno hubaki pale pale likimngoja msomaji mwingine. Mwezi huu twataka kuurudia mlango mmoja wa namna hiyo, tupige hodi, tuwaone waliomo ndani.

Bibi mmoja, mama wa watoto wanne, ametuletea barua. Asema kwamba usiku, baada ya sala ya Isha, huwasomea wanawe kurasa chache za kitabu cha hadithi kabla ya kulala. Mwezi uliopita walikuwa wakisoma Adili na Nduguze, kitabu cha marehemu Shaaban Robert. Hawakwenda mbali walipofikia khabari za Mfalme Rai na nchi yake ya Ughaibuni, na kitinda mimba akauliza, "Mama, Ughaibuni ni wapi?" Mama akajibu kwamba ni nchi ya kubuni tu, haipo duniani. Mtoto hakuridhika. Akasema, "Mbona redioni husema watu walioko ughaibuni, nawe hutwambia kuwa kaka ni mmoja wao?" Kaka huyo ni mwanawe mkubwa, ambaye yuko Maskati kwa kazi, na huu ni mwaka wa tatu hajaonekana nyumbani. Basi bibi yule atuuliza: Je, neno hili ni moja au ni mawili? Na ikiwa ni moja, yawezekanaje liwe jina la nchi isiyokuwako, na papo hapo liwe jina la nchi aliko mwanangu?

Swali hili ni zuri kuliko maswali mengi tuliyopata kuletewa, nasi twamshukuru mtoto kabla ya kumshukuru mama. Kwani wakubwa wengi wamelisoma neno hilo kitabuni, wakalisikia redioni, wala wasiyaunganishe mambo hayo mawili.

Kwanza tuseme machache juu ya kitabu chenyewe. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Adili na Nduguze kilichapishwa mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya Kusadikika. Wajuzi wa vitabu wamekwisha eleza kwamba kisa chake kina nasaba na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, cha Abdallah bin Fadil na nduguze. Lakini mwandishi wetu alikitia roho nyingine na majina mengine. Majina hayo ndiyo ufunguo wa kitabu. Mtu mwema huitwa Adili. Nduguze wawili waliomhusudu huitwa Hasidi na Mwivu. Mfalme huitwa Rai. Na milki ya mfalme huyo ni Ughaibuni. Hapana jina hata moja lililowekwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo asomaye kitabu hiki bila ya kuuliza maana za majina, mfano wake ni mtu aliyealikwa karamuni akala sahani ya kwanza akaondoka.

Sasa tulichukue neno, tulivue nguo zake moja moja, tulione mwili wake. Mwanzoni lina U, na mwishoni lina NI. Namna hii ya kuyavika maneno ni ya Kiswahili chenyewe, nasi twaijua sana: Mwarabu ana Uarabuni, Mzungu ana Uzunguni, Mswahili ana Uswahilini. U hiyo hutuonyesha hali au nchi, na NI hiyo hutuonyesha mahali. Tukiziondoa zote mbili, hubaki katikati neno ghaibu. Hilo ndilo mzizi, nalo limetoka katika Kiarabu, ambako herufi zake tatu ni ghaini, ya na ba. Maana yake ni kutokuwapo mbele ya macho. Kitu ambacho hakionekani ni ghaibu, na mtu ambaye hayupo ni ghaibu. Basi Ughaibuni, kwa tafsiri ya neno kwa neno, ni kule ambako aliyeko huko haonekani na sisi tulioko hapa.

Hapo swali la mtoto limekwisha jibika. Neno ni moja. Shaaban Robert alilitumia kwa nchi ambayo jicho la msomaji haliwezi kuifikia, kwa kuwa imo katika fikira. Watu wa leo hulitumia kwa nchi ambazo jicho la mtu wa nyumbani haliwezi kuzifikia, kwa kuwa ziko mbali: Maskati, Dubai, London, Toronto na kwingineko waliko wana wa Afrika ya Mashariki kwa kazi, kwa masomo au kwa ndoa. Ajabu ya neno hili ni kwamba halikai mahali pamoja. Maskati ni ughaibuni kwa mama aliyeko kwao. Lakini kwa yule kijana aliyeko Maskati, aamkaye asubuhi akaiona bahari na majabali yake, asiyeonekana ni mama. Kila mmoja ni ghaibu kwa mwenziwe.

Lakini tusilifunge daftari upesi, maana neno halina maisha ya upweke. Lina ndugu, na nduguze wamo majumbani mwetu siku zote, ila hatuwatambui kwa sura.

Ndugu wa kwanza yuko chuoni. Mwalimu amwambiapo mtoto, "Funga msahafu, soma kwa ghaibu," humtaka asome kwa moyo. Kitabu kimeondoka mbele ya macho, na maneno yamekaa kifuani. Watoto wetu hulitamka neno hili tangu hawajajua kuandika majina yao, kisha wakubwapo wakalikuta Ughaibuni katika hadithi hudhani ni mgeni aliyetoka mbali.

Ndugu wa pili yumo katika msingi wa imani. Mwanzoni mwa Surat Al-Baqara, katika aya ya 3, sifa ya kwanza ya wachamungu itajwayo ni kuamini ghaibu, yaani kuyaamini yale ambayo macho hayayafikii: Mwenyezi Mungu mwenyewe, malaika, siku ya Kiyama, pepo na moto. Na katika Surat Al-An'am, aya ya 59, twafundishwa kwamba funguo za ghaibu ziko kwake Yeye peke yake. Ndiyo maana muumini hamwendei mpiga ramli kumwuliza litakalokuwa kesho, wala hamwulizi mganga khabari za mwana aliye mbali asiyeleta barua. Kisa cha Nabii Sulaiman katika Surat Saba, aya ya 14, chatuthibitishia hayo: majini waliendelea na kazi ngumu naye amekwisha kufa, wasijue mpaka fimbo aliyoiegemea ilipoliwa na mdudu wa ardhi naye akaanguka. Lau wangaliijua ghaibu, wasingalikaa katika taabu ile.

Ndugu wa tatu ni mbaya, nasi twamjua kuliko wote. Huyo ni ghiba. Ghiba na ghaibu ni mzizi mmoja, kwa sababu ghiba ni kumsema mtu naye hayupo. Kiswahili kina majina mengine ya jambo hilo, kama kusengenya na kuteta, lakini jina la ghiba lina faida moja ambayo hayo mengine hayana: latuonyesha ubaya wenyewe uko wapi. Uko katika kutokuwapo kwake. Msengenywa angekuwapo, angejibu, au angejitetea, au hata angenyamaza nasi tungeona haya kwa uso wake. Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa katika Sahih Muslim, alieleza kwamba ghiba ni kumtaja nduguyo kwa lile alichukialo, na alipoulizwa itakuwaje ikiwa lisemwalo ni kweli, alibainisha kwamba likiwa kweli ndiyo ghiba, na likiwa si kweli huwa ni kumzulia. Basi wale wajiteteao kwa kusema, "Mimi nasema kweli tu," wamelikiri kosa lao kwa ulimi wao. Nayo Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imelifananisha tendo hilo na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Mfano huo waingia barabara katika maana ya neno: maiti hawezi kujitetea, na aliye ghaibu vivyo hivyo.

Ndugu wa nne ni mwema kabisa. Yumo katika hadithi nyingine ya Sahih Muslim, iliyopokewa kwa Abu Dardaa, juu ya Mwislamu amwombeaye nduguye dua kwa ghaibu, yaani nduguye hayupo wala hajui kwamba aombewa. Dua hiyo hukubaliwa, na malaika aliyewekwa hapo kichwani pake huitikia Amin na kumwombea mwombaji mfano wa yale aliyoyaomba. Tazameni, wasomaji, ghiba na dua hii zilivyo kama watoto wawili wa tumbo moja. Hali ni ile ile, mtu hayupo na hasikii. Mmoja hutumia nafasi hiyo kumrarua, na mwingine huitumia kumwombea kheri ambayo hatapata hata shukrani yake.

Ndugu wa tano ni sala ya ghaibu, asaliwayo maiti aliye mji mwingine. Asili yake ni ile sala Mtume (s.a.w.) aliyowasalisha masahaba Madina, kwa takbira nne, alipofariki Najashi mfalme wa Habasha, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wamekhitilafiana juu yake: Imam Shafi na Imam Ahmad waliona yafaa kusaliwa, na Imam Abu Hanifa na Imam Malik hawakuona hivyo. Huku kwetu mwambao, ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafi, si jambo geni kusikia msikitini baada ya sala ya Ijumaa kwamba tutamsalia mtu aliyefia ng'ambo. Imam alitajapo jina la sala hiyo, watu husimama na kunyosha safu. Wachache sana hukumbuka kwamba neno hilo ndilo lile la redioni na ndilo lile la kitabuni.

Hapa yafaa tutoe tahadhari moja, khasa kwa vijana wapendao kuunganisha maneno kwa sura. Si kila wafananao ni ndugu. Mtu aweza kudhani kwamba magharibi ni wa ukoo wa ghaibu, kwa kuwa jua likifika magharibi hutoweka machoni. Dhana hiyo ni tamu, lakini si sahihi. Magharibi mzizi wake ni ghaini, ra na ba, na nduguze katika Kiarabu ni maneno ya kutua kwa jua na ya ugeni. Hiyo RA iliyomo ni shahidi tosha. Kwa hivyo kabla ya kuwapa maneno mawili udugu, zihesabuni herufi zake, kama kadhi aulizavyo nasaba kabla ya kugawa urithi.

Tumekwisha kuuona ukoo. Sasa twauliza: Unatufundisha nini majumbani mwetu?

Wazee wetu wana methali isemayo, "Asiyekuwapo na lake halipo." Methali hii ni ya kweli kwa namna ulimwengu ulivyo: chakula kikigawanywa, aliye mbali husahauliwa; shauri likikatwa, rai yake haiulizwi. Lakini methali hueleza watu watendavyo, wala si kila mara huwaamrisha watende hivyo. Katika dini, asiyekuwapo lake lipo. Lipo, nalo lina shahidi asiyeghafilika. Kipimo kigumu cha uaminifu wa mtu ni namna amtendeavyo yule asiyemwona.

Qur'ani yatupa mifano. Katika Surat Yusuf, aya ya 52, mna maneno ambayo wafasiri wengine huyafanya ni ya Nabii Yusuf na wengine huyafanya ni ya mke wa Mheshimiwa wa Misri. Na kwa vyovyote vile, msemaji ataka ijulikane kwamba hakumfanyia mtu khiyana kwa ghaibu. Neno lililotumiwa hapo ni hilo hilo. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 34, wake wema husifiwa kwa kuhifadhi katika ghaibu yale yapasayo kuhifadhiwa. Waume wengi huipenda aya hiyo na kuisoma mbele ya wake zao. Yafaa nao wajiulize wao huhifadhi nini wawapo safarini. Kisha katika Surat An-Naml, aya ya 20 na 21, Nabii Sulaiman aliwakagua ndege asimwone hudihudi, akauliza kama ni miongoni mwa wasiokuwapo. Alikasirika na kuahidi adhabu kali, lakini aliacha nafasi: ila akija na hoja iliyo wazi. Hudihudi akaja na khabari ya yakini kutoka Saba. Ikiwa mfalme mwenye ufalme ule hakukata hukumu juu ya ndege kabla ya kumsikia, imekuwaje sisi tukae barazani, kwa kikombe cha kahawa, tukamhukumu kijana aliyeko ng'ambo kwamba amepotea, amesahau kwao, amekuwa mlevi, ilhali hapana miongoni mwetu aliyemwona?

Jambo la pili ni mali. Vijana walioko ughaibuni hupeleka fedha nyumbani, na wengi huzipeleka kwa ndugu ili wanunuliwe kiwanja au wajengewe nyumba. Wako nduguze waaminifu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini wako pia ambao fedha zikifika mkononi huanza kusema, "Yeye huko anazo nyingi." Saruji iliyonunuliwa kwa jina lake hujenga ukuta wa mtu mwingine, na picha apelekewazo ni za nyumba ya jirani. Siku arudipo hukuta majani yameota katika kiwanja. Hiyo ni khiyana kwa ghaibu, jina lake halisi. Wala udugu hauipunguzi, bali huizidisha uzito, kwa kuwa mgeni huibia mali peke yake, lakini ndugu huibia mali pamoja na imani.

Jambo la tatu ni haki ya walioachwa nyumbani, kwani aliyeondoka naye ana wajibu wake. Katika fiqhi ya Imam Shafi, nafaka ya mke mwenye kumtii mumewe haianguki kwa sababu mume yuko mbali. Akiacha kuitoa, huhesabiwa deni juu yake. Masafa hayafuti deni. Na zaidi ya fedha, iko sauti. Zamani mtu aliweza kusema kwamba barua huchukua miezi katika jahazi. Leo simu imo mfukoni, na sauti ya mwana hufika kwa mama kabla maji hayajachemka jikoni. Mwenye kukaa miezi bila ya kuuliza hali za wazee wake hawezi kuisingizia bahari.

Turudi kidogo kwa Shaaban Robert, tuone namna kisa chake kilivyoafikiana na neno hili. Adili aliwapokea nduguze walipofilisika, akagawana nao mali yake. Baadaye wakasafiri pamoja, na huko safarini wivu ukawashinda, wakamtupa baharini. Walidhani kwamba mtu akizama machoni mwa watu, shauri lake limezama naye. Lakini Adili aliokolewa, na nduguze wakageuzwa manyani. Na tazameni majina yao: Hasidi ni neno lililotoka katika Kiarabu, na Mwivu ni neno la Kibantu, na yote mawili maana yake ni karibu moja. Ni kama kwamba mwandishi alitaka kutwambia kuwa husuda haina kabila. Hupatikana katika kila lugha na kuvaa kila nguo. Siri ile ilikuja kufichuliwa mbele ya Rai, mfalme wa Ughaibuni. Nasi twaona ilistahili kufichuliwa huko hasa, katika nchi ibebayo jina la mambo yasiyoonekana, maana hakuna lifichikalo daima. Na Adili, ambaye angeweza kulipa kisasi, aliwataka nduguze radhi na afueni, mwisho wakarudishiwa ubinadamu wao. Yeye aliwalinda waliomsaliti.

Wako wazazi ambao hawapendi watoto wasome hadithi za kubuni, wakisema ni kupoteza wakati. Twawaheshimu kwa hadhari yao, maana viko vitabu visivyofaa kuingia nyumbani. Lakini kitabu chema ni chuo. Neno moja la hadithi limetupitisha chuoni, msikitini, kwa kadhi, mpaka katika aya na hadithi za Mtume. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto ajifunzaye neno moja tu kila juma, na kulijua kweli kweli, mwaka ukiisha atakuwa na maneno hamsini na mawili, kila moja na ukoo wake.

Kwa hiyo twapenda kuwapa wazazi njia nyepesi ya kufuata nyumbani. Mtoto akutanapo na neno geni, asikatize kisa hapo hapo. Na asome sentensi mpaka mwisho, na ile ifuatayo, kwani mara nyingi maana huchungulia kwa jirani. Kisha aliandike katika daftari lake dogo pamoja na jina la kitabu. Kisa kikiisha kwa usiku ule, na alivue neno nguo zake: aondoe kiambishi cha mbele na cha nyuma, atafute kilichobaki. Mathalan Kusadikika, jina la kitabu kile cha mwaka 1951: ondoa KU ya mbele, ondoa KA ya mwisho iletayo maana ya jambo kuwezekana, utabaki na sadiki. Sadiki ni kuamini kuwa jambo ni kweli. Na ukiufuata mzizi wake utamkuta sadaka, ambayo ni ushahidi wa ukweli wa imani, na utamkuta Siddiq, lakabu ya Sayyidna Abubakar.

Baada ya hapo na aende kwenye kamusi, kwa mfano Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 na kuchapishwa tena baadaye. Asilikute neno penye herufi yake ya kwanza, asikate tamaa. Na alitafute penye mzizi wake. Na kabla au baada ya kamusi, na amwulize bibi, babu au mwalimu wa chuo. Kamusi hutoa maana, na mzee hutoa matumizi: nani husema hivyo, wakati gani, na kwa adabu gani. Kuuliza si ujinga. Mwisho, na alitumie neno hilo siku ile ile katika mazungumzo, hata kwa mzaha, kwani neno lisilotamkwa hupotea upesi kama nguo mpya ifungiwayo sandukuni mpaka ikaliwa na nondo.

Na kwa neno la mwezi huu twaomba zaidi ya hayo. Usiku, watoto wakiisha kusomewa, kila nyumba na itaje jina la mtu wao mmoja aliye ghaibu, awe ng'ambo, awe hospitali, awe gerezani, au awe kaburini, na wamwombee dua pamoja. Hiyo itakuwa imla bora ya neno ghaibu kuliko kuliandika mara kumi ubaoni.

Kwa mwezi ujao twawaachia watoto kazi. Neno ni adili, jina la shujaa wetu. Utafuteni mzizi wake na ndugu zake katika Kiswahili na katika Qur'ani, mtuletee mtakaowapata. Wakubwa wasaidie kwa kukumbusha, wasiwafanyie kazi yote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi walioko mbali, awaongoze walioko karibu, na awarudishe salama kila walio ughaibuni kwa wawapendao.

Wassalamu alaykum.